Skramu ina kurasa 13 tu, mbona kampuni zinashindwa? Tuchambue kinachokwama

#1 UbaoMweupe

Wakuu, salaam.

Skramu ni njia ya timu ndogo kutengeneza programu kwa vipindi vifupi. Mwongozo wake, toleo la Novemba 2020, ni kurasa 13 hivi. Ndani yake kuna majukumu matatu (mwenye bidhaa, Skramu Masta na watengenezaji), matukio matano, na vitu vitatu vya kufuatilia kazi. Timu kwa kawaida watu 10 au pungufu. Sprinti, yaani kipindi kimoja cha kazi, isizidi mwezi mmoja. Kikao cha kila siku dakika 15. Mtu makini anausoma wote kwa saa moja. Halafu kampuni yenye wataalamu wa kutosha inakaa miaka miwili nao, inalipia mafunzo, inanunua leseni za ubao wa kwenye kompyuta, na bado badiliko dogo kwenye programu ya simu linachukua mwezi na nusu kumfikia mteja.

Naona tatizo hili: mfumo ni mwepesi ndani ya timu, lakini uzito uko nje ya timu. Kampuni inabadilisha vikao na vyeo vya ndani, inaacha vilevile namna pesa zinavyotolewa, namna maamuzi yanavyoidhinishwa, na namna kazi iliyokwisha inavyotoka kwenda kwa mteja.

Tufuate tiketi moja tu, yaani ombi moja la badiliko, tuione kwa karibu. Chukulia programu ya mikopo ya taasisi ya fedha hapa Tanzania. Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ina tarakimu 20 na huandikwa ikiwa na vistari katikati. Mteja akiiingiza na vistari vyake, fomu inaikataa. Dawa yake ni kuondoa vistari kabla ya kuhakiki namba, mistari minne ya msimbo. Safari yake kwenye kampuni ya kawaida iko hivi:

Siku ya 1 huduma kwa wateja wanaripoti. Hadi siku ya 6 inasubiri mchambuzi aandike hati ya mahitaji. Hadi siku ya 14 inasubiri kamati ipange kipaumbele. Hadi siku ya 21 inasubiri sprinti mpya ianze. Siku ya 21 inatengenezwa, saa 3 pamoja na majaribio ya mtengenezaji mwenyewe. Halafu inasubiri mtu wa majaribio ambaye amegawanywa kwenye miradi mitatu, anaigusa siku ya 28 kwa dakika 40. Kamati ya mabadiliko inakaa Alhamisi, lakini fomu ilitakiwa iwe imeshaingia tangu Jumatatu, kwa hiyo ruhusa inapatikana siku ya 35. Dirisha la kupandisha toleo jipya ni wikendi ya mwisho wa mwezi: siku ya 44.

Siku 44 ni kama siku 31 za kazi, takriban saa 250. Ukijumlisha kila mkono ulioigusa tiketi hiyo, pamoja na kuandika hati na kujaza fomu, hupati zaidi ya saa 5. Hiyo ni asilimia 2. Asilimia 98 ni kusubiri.

Sasa kampuni hiyo ikianzisha Skramu kwa timu ya watengenezaji peke yake, imegusa kipande cha kati ya siku ya 14 na ya 21. Basi. Hata timu ikifanya kazi mara mbili ya kasi yake, tiketi itafika siku ileile ya 44 kwa sababu dirisha la kupandisha toleo halijasogea.

Karibuni tuchambue. Naomba tuweke vitu vinavyopimika, siyo nadharia. Nawasilisha.

#2 SevaYaUsiku

Mkuu, safi sana. Naongeza upande wa majaribio na kupandisha toleo, maana hapo ndipo sprinti nyingi zinafia.

Fanya hesabu hii kwenye kampuni yoyote. Sprinti ya wiki mbili ina siku 10 za kazi. Kupanga, maonyesho na tathmini vinakula siku moja, zimebaki 9. Kama kupima mfumo mzima kwa mkono, skrini kwa skrini, kunachukua watu wawili siku 5, basi watengenezaji wana siku 4 za kuandika msimbo kabla ya kufunga milango ili majaribio yaanze. Timu itafanya nini? Itatengeneza kwenye sprinti hii na kujaribu kwenye sprinti inayofuata. Hapo umerudi kwenye mfumo wa zamani wa hatua kwa hatua, umeukata vipande vya wiki mbili tu. Kasoro zinarudi kwa mtengenezaji akiwa ameshahamia kazi nyingine, anaacha ya pili kurekebisha ya kwanza, na zote mbili zinachelewa.

Mwongozo wa Skramu hausemi lolote kuhusu majaribio ya kujiendesha wala namna ya kuunganisha msimbo. Umeachwa hivyo makusudi, uwe mwepesi. Waliolisema hilo waziwazi ni watu wa XP (Extreme Programming), njia ya kutengeneza programu aliyoijenga Kent Beck kwenye mradi wa mishahara wa Chrysler kuanzia 1996: kuandika majaribio kwanza, kuunganisha msimbo kila siku, programu nzima kujengwa na kujaribiwa ndani ya dakika 10. Kampuni zilichukua vikao vya Skramu zikaacha kazi hii ya mikono, kwa sababu kikao unaweza kukianzisha Jumatatu, lakini majaribio ya kujiendesha yanataka miezi.

Pa kuanzia kwa mfumo mkongwe usio na majaribio hata moja: usiseme tunataka kufunika asilimia 80 ya msimbo. Orodhesha njia ambazo pesa inapita (kuingia kwenye akaunti, kuhakiki utambulisho, kuomba mkopo, kutoa mkopo, kupokea rejesho, kurudisha muamala ulioshindikana), kisha andika majaribio 10 hadi 15 ya hizo peke yake. Yaendeshe kila msimbo unapounganishwa. Yakianguka, hakuna anayeendelea na kingine mpaka yapite. Baada ya hapo kila kasoro inayoripotiwa na mteja inaandikiwa jaribio lake kabla ya kurekebishwa. Ile ya NIDA ingeandikiwa matatu: namba yenye vistari, isiyo na vistari, na iliyonakiliwa ikaja na nafasi mwishoni.

Kinachoharibu mpango huu ni mazingira ya majaribio kuwa moja linalogombewa na timu nne, na data yake kuwa ya miaka iliyopita. Majaribio yanaanguka kwa sababu ya data na msimbo hauna kosa. Baada ya wiki tatu watu wanazoea taa nyekundu, na jaribio ambalo watu wamelizoea halina kazi tena. Kila jaribio litengeneze data yake na kuifuta likimaliza.

#3 Leja_na_Ajaili

UbaoMweupe, kwenye pesa umepita haraka mno, na kwa maoni yangu ndiko mzizi uliko.

Kampuni inayofunga mwaka Desemba inaanza kuomba bajeti ya mwaka ujao Septemba. Ili upate pesa unaandika andiko lenye vipengele vyote vya mfumo, faida yake kwa shilingi, na tarehe ya kukamilika. Bodi inapitisha. Kuanzia siku hiyo vipengele vile ni ahadi, na meneja atapimwa kwavyo. Machi timu inagundua kwamba vipengele vinne kati ya kumi havitakiwi na mteja. Kuviacha maana yake pesa itabaki, na pesa ikibaki mwakani idara inapunguziwa. Hakuna meneja mwenye akili timamu atakayeviacha. Kwa hiyo mwenye bidhaa anaambiwa "panga kipaumbele", lakini chochote hakiwezi kutoka kwenye orodha. Kipaumbele kinabaki kuwa mpangilio wa foleni tu.

Pili ni mahesabu. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 38, kinataka gharama za kutengeneza programu ziwekwe kwenye mizania kama mali, badala ya kuliwa zote kwenye faida ya mwaka huu, endapo mambo sita yatathibitishwa: inawezekana kiufundi, kuna nia ya kuimaliza, kuna uwezo wa kuitumia au kuiuza, italeta manufaa, rasilimali za kuimaliza zipo, na gharama zinapimika kwa uhakika. Gharama za hatua ya utafiti zinaliwa moja kwa moja. Idara za fedha zimezoea kuthibitisha haya kwa karatasi: hati ya mahitaji iliyosainiwa, kisha hati ya usanifu iliyosainiwa. Timu ya ajaili (njia za kutengeneza kidogokidogo na kubadilika, Skramu ikiwemo) ikija bila hati hizo, mhasibu anaona mali imegeuka gharama, faida imeshuka, na anarudisha milango ya zamani. Hapo watu wa teknolojia wanamlaumu mhasibu kwamba hataki mabadiliko. Hawajawahi kukaa naye kumuuliza anahitaji nini.

IAS 38 haidai hati ya kurasa 200. Njia inayofanya kazi ni kukaa na mhasibu na wakaguzi wa nje kabla ya mwaka kuanza, mkakubaliana lebo tatu za tiketi: kipya, uboreshaji mkubwa, matengenezo. Gharama ya timu inajulikana. Chukua timu ya watu 7 yenye mishahara ya jumla shilingi milioni 21 kwa mwezi. Zidisha kwa 12, gawanya kwa sprinti 26: takriban milioni 9.7 kwa sprinti. Kama asilimia 70 ya kazi iliyokamilika ilikuwa na lebo mbili za kwanza, milioni 6.8 zinaingia kwenye mali na zinazobaki zinaliwa. Hakuna mtu kujaza saa zake kila Ijumaa, na mkaguzi anaona tiketi zenyewe kama ushahidi.

Bajeti nayo iombwe kwa timu, kwa robo mwaka, na lengo linalopimika ("maombi ya mkopo yanayokataliwa kwa kosa la fomu yashuke"), siyo kwa orodha ya vipengele.

#4 QA_wa_Ilala

Shikamooni wakubwa. Naomba msaada hapo hapo kwenye pesa, ila upande wa mjenzi. Mteja anatangaza zabuni ya bei moja. Kiambatisho kina mahitaji 180. Malipo: asilimia 30 hati ya mahitaji ikisainiwa, 40 mfumo ukikamilika, 30 baada ya mafunzo. Ajaili inaingilia wapi hapo?

#5 DadaKanbani

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nawaachia wa mikataba, wapo humu. Mimi nataka nieleze kwa nini zile siku za kusubiri za UbaoMweupe zinakuwepo, maana watu wanadhani ni uvivu.

Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni rahisi ya foleni: idadi ya vitu vilivyomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila kimoja kinakaa. Timu ikiwa na tiketi 24 mkononi na inamaliza 4 kwa wiki, tiketi itakaa wastani wa wiki 6. Huwezi kuishusha kwa kuwahimiza watu. Ukipunguza zilizo mkononi ziwe 8, kasi ileile ya 4 kwa wiki, inakuwa wiki 2. Watu ni walewale, mishahara ni ileile.

Kanuni ya pili inawauma zaidi mameneja. Mtu wa kazi akipangiwa asilimia 80 ya muda wake na kazi zikija bila mpangilio maalum, kusubiri kwenye foleni yake ni kama mara 4 ya muda wa kazi yenyewe. Akipangiwa 90, mara 9. Akipangiwa 95, mara 19. Ndiyo maana yule mtu wa majaribio aliyegawanywa miradi mitatu, karatasi inaonyesha ametumika vizuri kabisa, na kila tiketi inayomfikia inalala wiki nzima kwa kazi ya dakika 40. Kampuni inapima kama watu wana shughuli. Haipimi kama kazi inasogea.

Kanbani, njia ya kusimamia kazi kwa ubao na kadi, haikuambii ubadilishe cheo cha mtu. Inakuambia anza na ulivyo sasa, ila uonekane. Chora ubao, na nguzo za kusubiri zichorwe zenyewe, zisifichwe ndani ya nguzo za kazi: Inasubiri uamuzi, Inatengenezwa, Inasubiri majaribio, Inajaribiwa, Inasubiri ruhusa, Inasubiri dirisha, Kwa mteja. Kila siku kadi inayokaa palepale inachorwa nukta moja kwa kalamu ya wino. Wiki mbili za kwanza usiweke kikomo chochote, chora nukta tu. Utakuta kadi nyingine ina nukta 9 kwenye nguzo ya kusubiri na nukta 1 kwenye nguzo ya kazi, na mkurugenzi akipita hahitaji maelezo.

Baada ya hapo weka kikomo: idadi iliyopo leo, toa moja kila wiki. Nguzo ya majaribio ikijaa, mtengenezaji haruhusiwi kuanza tiketi mpya, anakwenda kusaidia kujaribu. Siku ya kwanza ya jambo hili ndipo mradi unapoonekana kama umevunjika, kwa sababu kuna mtu amekaa "bila kazi". Kama meneja hakuandaliwa mapema, kikomo kinafutwa siku hiyohiyo. Muonyeshe hesabu ya Little kabla, siyo baada.

Na tiketi ya bosi. Iwekewe njia yake juu ya ubao, nafasi moja tu. Ikiwemo moja, ya pili inasubiri hata kama ni ya mkurugenzi mkuu. Kila inapopita, andika ni tiketi zipi zilisimama kuipisha.

#6 Kifungu_kwa_Kifungu

QA_wa_Ilala, swali zuri sana kijana. Angalia malipo yako: asilimia 30 inalipwa kwa karatasi. Mjenzi atakimbilia karatasi, na mteja atasaini mahitaji 180 ambayo hajaona hata skrini moja. Mkataba ndio unaoamua tabia ya pande zote.

Kuna mifano miwili ya serikali ambayo ripoti za ukaguzi ziko wazi, na ukiiweka sambamba inafundisha kuliko mafunzo ya siku tatu.

Wa kwanza ni Sentinel, mfumo wa kesi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Mkataba ulisainiwa Machi 2006, awamu nne, kukamilika Desemba 2009. Kufikia Agosti 2010 zilikuwa zimetumika takriban dola milioni 405 kati ya 451, na awamu mbili tu zimekabidhiwa. FBI walisimamisha sehemu iliyobaki, wakaichukua kazi ndani kwao, timu ndogo, sprinti za wiki mbili, kila mwisho wa sprinti maonyesho. Mfumo uliwafikia watumiaji Julai 2012 ndani ya zile milioni 451. Haikwenda kama maji: majaribio ya watumiaji wengi mwaka 2011 yalionyesha vifaa haviwezi kubeba mzigo, na tarehe ikasogezwa. Ila kilichobadilika hakikuwa vikao. Mwenye mfumo alichukua mamlaka ya kuamua kila wiki mbili kipi kifuate, na akaacha kulipia awamu ambazo hazijaonekana.

Wa pili ni Universal Credit ya Uingereza, mfumo wa kuunganisha mafao ya ustawi. Wizara ilitaka kuanza nchi nzima Oktoba 2013 na ikachagua ajaili ili kuwahi. Ripoti ya ofisi ya ukaguzi wa taifa ya Septemba 2013 ilieleza kwamba wizara haikuwa imewahi kuitumia kwa ukubwa huo, na ilipata shida kuiingiza kwenye mikataba, uongozi na usimamizi uliokuwepo. Mwanzoni mwa 2013 kazi ilisimamishwa ikapangwa upya, na mali za kompyuta za pauni milioni 34 zikafutwa vitabuni. Jina la njia lilibadilika, mikataba na kamati zilibaki zilezile.

Sasa kwenye zabuni yako. Bei ya juu inaweza kubaki moja, wala usiigombanie. Badilisha hivi: malipo kila wiki 6, kwa kazi inayotumika kwenye seva ya mteja, na hati ya mahitaji isilipwe peke yake. Kifungu cha kubadilishana: hitaji linaweza kutoka na lingine la ukubwa uleule likaingia, kwa saini ya mwakilishi mmoja wa mteja ndani ya siku 3 za kazi, bila kuongeza bei. Kifungu cha kusimama: mwisho wa kila wiki 6 mteja anaweza kusitisha akilipa kilichokamilika. Na jina la mwakilishi liandikwe, pamoja na saa zake kwa wiki. Saa 8 ni kiwango cha chini. Mteja akikataa kutoa mtu wa saa 8 kwa wiki, usiahidi ajaili, andika zabuni ya kawaida na uweke bei yake.

Kwa taasisi za umma, haya lazima yaandikwe kabla zabuni haijatangazwa, kwenye hadidu za rejea. Ukishasaini, mlango umefungwa nusu. Kenya kwa mfano, kifungu cha 139 cha sheria ya ununuzi ya 2015 kinaweka ukomo wa mabadiliko ya mkataba. Ndiyo sababu kubadilishana bila kuongeza bei ni njia salama kuliko kuomba nyongeza.

#7 Mkaguzi_Mtaratibu

Nataka niitetee kamati ya mabadiliko kidogo, maana imepigwa sana. Kwenye benki, mtu aliyeandika msimbo hatakiwi kuwa yeye pekee anayeamua uingie kwenye mfumo wa kweli. Huo ni udhibiti dhidi ya wizi, si ukiritimba. Ukiondoa kamati bila kuweka kitu mahali pake, mkaguzi atairudisha na ataiongezea fomu.

Kinachoweza kubadilika ni namna ya kutimiza udhibiti uleule. ITIL, miongozo ya kusimamia huduma za teknolojia ambayo kampuni nyingi zinaifuata, tangu zamani inatambua mabadiliko ya kawaida yaliyoidhinishwa mapema, tofauti na yanayohitaji tathmini na yale ya dharura. Karibu kila kampuni inapeleka yote kwenye kikao cha Alhamisi kwa sababu hakuna aliyekaa kuandika aina ya kwanza ni ipi. Andika ukurasa mmoja: badiliko lisilogusa muundo wa hifadhidata, lisilogusa hesabu za pesa wala haki za watumiaji, lililosomwa na mtengenezaji wa pili, lililopita majaribio yote, na linaloweza kurudishwa nyuma ndani ya dakika 15, limeidhinishwa. Mfumo wa kuhifadhi msimbo uzuie mtu kupitisha kazi yake mwenyewe, na kumbukumbu itunzwe. Mkaguzi atapata ushahidi bora kuliko muhtasari wa kikao, kwa sababu kwenye kikao watu kumi wanasaini kitu ambacho hawajakifungua.

Tiketi ya NIDA inatimiza masharti yote hayo. Ingepanda siku hiyohiyo iliyojaribiwa.

Jambo ambalo watu hawalifanyii mazoezi ni kurudisha nyuma. Wanaandika kwenye fomu "tutarudisha toleo la awali", hawajawahi kujaribu. Fanyeni mara moja kwa mwezi, mchana, kwenye mazingira ya majaribio, kwa saa mkononi.

#8 Nguli_wa_Pwani

Nakubaliana na mengi, ila nisiwasafishe wenye timu. Kuna kampuni zimepewa kila kitu na bado zimekwama kwa kuiga.

Mwaka 2012 Henrik Kniberg na Anders Ivarsson waliandika jinsi Spotify, kampuni ya muziki mtandaoni, walivyopanga timu zao wakati ule, na wakasema wazi kwamba ni picha ya wakati ule na mambo yanabadilika. Kampuni zikachukua majina: vikosi, makabila. Idara ya kanzidata ikaitwa kikosi, mkuu wa idara akaitwa mlezi, na kila kipengele bado kinapita idara nne. Melvin Conway alieleza mwaka 1968 kwamba mfumo unafuata umbo la mawasiliano ya taasisi iliyoujenga. Timu zikigawanywa kwa tabaka (skrini, seva, hifadhidata, majaribio), kila badiliko ni foleni nne, uwe na sprinti au usiwe nazo. Gawa kwa safari ya mteja: timu ya kuomba mkopo iwe na watu wa tabaka zote ndani yake.

Wengine wanakimbilia SAFe, njia ya kutumia ajaili kwa timu nyingi kwa pamoja, iliyotoka 2011. Inakusanya watu 50 hadi 125 kwenye "treni" moja, wanapanga pamoja siku mbili kila wiki 8 hadi 12. Pale timu zinapotegemeana kweli, mfano kifaa na programu yake vinatoka pamoja, inasaidia. Lakini kampuni nyingi zinaichagua kwa sababu ina nafasi ya kila cheo kilichopo tayari. Mtu angepunguza kwanza utegemezi wa timu kwa timu angekuta siku mbili za kupanga hazina cha kupanga.

Na mwenye bidhaa. Mwongozo unasema ni mtu mmoja, si kamati. Kampuni inampa jina mchambuzi kijana, uamuzi unabaki kwa kamati ya uongozi inayokaa mara moja kwa mwezi. Sprinti ni wiki mbili. Swali likizuka siku moja baada ya kikao, sprinti mbili zinapita bila jibu, na watengenezaji wanabuni jibu wenyewe. Mpe kiwango cha mamlaka kwa maandishi, kama mnavyompa meneja wa tawi kiwango cha mkopo anaoweza kuidhinisha peke yake. Benki zinaielewa lugha hiyo mara moja.

#9 Cheo_na_Mshahara

Kwa kifupi kuhusu rasilimali watu. Pointi za makadirio (namba ambazo timu inaipa kila kazi kuonyesha ukubwa wake) zikiingia kwenye fomu ya tathmini ya mwaka, zitapanda. Kazi ya pointi 3 itaitwa 5, kasi ya timu itaongezeka kwenye chati na mteja hatapata kitu kipya. Baya zaidi, mtu anayekaa saa mbili kumfundisha mwenzake anapoteza pointi zake. Ondoeni pointi kwenye tathmini kabisa. Pimeni siku za tiketi kutoka kuombwa hadi kumfikia mteja, kwa timu nzima.

Na meneja aliyekuwa akigawa kazi kwa watu 14 aambiwe mapema cheo chake kipya ni kipi. Akiachwa hewani atakigeuza kikao cha asubuhi kuwa cha kupokea ripoti, na dakika 15 zitakuwa 50.

#10 UbaoMweupe

Wakuu, nimejifunza, hasa hapo kwa Leja_na_Ajaili na Mkaguzi_Mtaratibu. Nimeulizwa kwa ujumbe wa pembeni: kampuni yenye timu moja inayotaka kujaribu ianze na nini wiki sita za kwanza?

Wiki ya 1 na 2 msibadilishe chochote. Chukueni tiketi 20 zilizofika kwa mteja karibuni, andikeni tarehe za kila hatua kama nilivyofanya juu, na mchore ubao wa DadaKanbani. Wiki ya 3 mwiteni mhasibu, mkaguzi wa ndani na mwenye kamati ya mabadiliko kwenye chumba kimoja, muwaonyeshe zile tarehe, muwaulize kila mmoja anahitaji ushahidi gani ili hatua yake iishe siku hiyohiyo. Waulizeni, msiwahubirie. Wiki ya 4 andikeni ukurasa wa mabadiliko yaliyoidhinishwa mapema na majaribio matano ya kwanza ya njia ya pesa. Wiki ya 5 pandisheni badiliko moja dogo kwa njia mpya, mchana wa Jumanne, wote wakiwa kazini. Lirudisheni nyuma makusudi, kisha mlipandishe tena.

Wiki ya 6 ndipo mwanze sprinti, na kikao cha asubuhi kiende ubaoni kutoka kulia kwenda kushoto: kadi iliyo karibu zaidi na mteja ndiyo ya kwanza kuzungumziwa. Yale maswali matatu ya jana-nimefanya-nini hayamo tena kwenye mwongozo tangu 2020. Swali la kila kadi ni moja: nani ataisogeza leo, na amekosa nini?

QA_wa_Ilala, ukipata ile zabuni weka hapa jedwali la malipo, majina yakiwa yamefichwa, tulipitie pamoja kifungu kwa kifungu kabla hujasaini.